Kifungo cha nje si kuachiliwa

Mtu ameshtakiwa kwa kuiba kuku wa jirani. Wiki tatu baada ya kufikishwa mahakamani, anaonekana akifyeka nyasi kwenye uwanja wa shule ya msingi mchana kweupe, hana pingu wala askari. Pale steji ya bodaboda neno la kwanza ni kwamba alitoa kitu kidogo. La pili ni kwamba siku hizi mwizi ana haki kuliko aliyeibiwa. Nimeyasikia maneno hayo Kondele, nimeyasikia Mbale kule Vihiga, na nimeyasikia ndani ya matatu ya kutoka Kaptembwo kwenda mjini Nakuru. Wanaoyasema wana haki ya kuuliza. Wengi wao wamewahi kuibiwa, na hakuna aliyewahi kuketi nao akawaeleza mahakama iliamua nini na kwa nini.

Iliamua kumwadhibu. Lile fyekeo alilolishika ndilo adhabu yenyewe. Asipokwenda kazini atarudishwa kwa hakimu, na hakimu anaweza kuifuta amri hiyo na kumpeleka gereza la Kodiaga, la Kibos au popote ambapo angepelekwa tangu mwanzo. Shida ni kwamba jina tulilolizoea, kifungo cha nje, limekuwa kapu la kutupia mambo manne tofauti, na kila moja lina sheria yake. Ukiyachanganya, hutajua jamaa yako apewe lipi, wala hutajua ni lipi la kumlalamikia hakimu.

La kwanza ni hilo la fyekeo. Sheria ya Kenya ya Amri za Huduma kwa Jamii ilipitishwa mwaka 1998. Inamruhusu hakimu kumpa mkosaji kazi ya umma isiyolipwa ikiwa kosa lake lina adhabu isiyozidi miaka 3 jela. Hata kama adhabu ya kosa hilo kwenye vitabu ni kubwa zaidi, njia hiyo bado iko wazi pale hakimu anapoona kwamba kwa kesi iliyo mbele yake miaka 3 au pungufu inatosha. Kazi zenyewe zimetajwa: kutengeneza barabara, kupanda miti, kuhifadhi vyanzo vya maji, kukarabati shule na hospitali za umma, kusaidia katika makao ya watoto yatima. Sheria inataja hata huduma za kitaalamu, kwa hiyo fundi anaweza kuambiwa alipe kwa ufundi wake. Muda wa kazi hauwezi kuzidi muda ambao angefungwa.

Wazo hilo hatukulitoa Ulaya. Tuliliiga kutoka Zimbabwe, ambako lilianza kutumika miaka ya mwanzo ya 1990 magereza yalipofurika, na mwaka 1997 wajumbe kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kadoma, nchini humo humo, wakatoa azimio la kuhimiza adhabu za namna hii barani kote. Kabla ya sheria yetu ya 1998 tulikuwa na mpango wa zamani wa kuwatoa wafungwa wa vifungo vifupi wafanye kazi chini ya utawala wa mkoa. Wazee wanaukumbuka, na nadhani ndio uliowaachia wengi picha kwamba kifungo cha nje ni kulima shamba la mkubwa fulani. Sheria ya sasa inasema kazi iwe ya umma. Ukiona mtu anapalilia mahindi ya mtu binafsi akiambiwa ndicho kifungo chake, hapo pana kosa na unaweza kuripoti mahakamani.

La pili ni probesheni, na hili ni la zamani zaidi. Sheria yake ni ya 1943, enzi za ukoloni. Hapa hakuna fyekeo. Mkosaji anaishi nyumbani kwake chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3. Anaripoti kwa afisa siku alizopangiwa, anatimiza masharti yaliyoandikwa kwenye amri, na hapaswi kutenda kosa jingine. Hakimu ni lazima amweleze masharti hayo kwa lugha nyepesi na amuulize kama yuko tayari kuyafuata. Asipokubali, amri haiwezi kutolewa.

Ndani ya sheria hiyo kuna kifungu ambacho ningetamani kila mzazi mwenye kijana akijue. Hakimu akiona kosa limethibitishwa, anaweza kumweka mtu kwenye probesheni bila kumtia hatiani. Anaruhusiwa kutazama umri wa mkosaji, tabia yake, historia yake, hali ya nyumbani, afya yake ya mwili na ya akili, na aina ya kosa lenyewe. Kwa kijana wa miaka 19 aliyebeba simu ya mwenzake hosteli, tofauti kati ya kuwekwa probesheni baada ya kutiwa hatiani na kuwekwa bila kutiwa hatiani inaweza kumfuata kila atakapoomba kazi na kuambiwa alete cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi.

Mawili yaliyobaki ni mafupi. Mahakama inaweza kumwachilia mkosaji bila masharti, au kwa sharti kwamba asirudie kosa ndani ya muda fulani. Au inaweza kumhukumu kifungo kisichozidi miaka 2 na kukisimamisha, kiwe kinaning'inia juu ya kichwa chake, kimwangukie akikosea tena.

Huyo ndiye mnyama mzima. Sasa swali lililo gumu: kama njia zote hizi zipo, baadhi tangu kabla ya uhuru, kwa nini magereza yetu bado yanafurika? Kenya ina zaidi ya watu 50,000 nyuma ya kuta, na sehemu kubwa yao ni mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Jibu langu, baada ya miaka ya kukaa kwenye viti vya mbao vya mahakama za hakimu huku magharibi, ni kwamba watu wengi huingia jela kwa sababu ya vitu viwili vidogo: faini iliyokosa kulipwa na ripoti iliyokosa kuandikwa.

Tuanze na faini, maana ndiyo inayonikosesha usingizi.

Tuseme kuna mama wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, anayeuza chang'aa. Tangu 2010 chang'aa si haramu yenyewe kama ilivyokuwa zamani, lakini kuiuza bila leseni na bila kutimiza viwango ni kosa, na leseni hiyo mama wa chumba kimoja cha mabati hawezi kuipata. Anakamatwa Ijumaa usiku, Jumatatu anapandishwa kizimbani, anasomewa mashtaka, anasema ni kweli. Anasema ni kweli kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wenzake wa seli wamemwambia kwamba ukikubali mambo yanaisha haraka. Hakimu anatoa faini ya shilingi 20,000, au miezi 6 jela.

Hakimu hakuitoa miezi 6 hiyo hewani. Sheria ya Kanuni ya Adhabu ina kipimo cha kifungo cha anayeshindwa kulipa faini: isiyozidi shilingi 500 ni siku 14, hadi 2,500 ni mwezi mmoja, hadi 15,000 ni miezi 3, hadi 50,000 ni miezi 6, na zaidi ya hapo ni miezi 12. Hizo ni kadiri za juu kabisa, si lazima zifikiwe. Lakini tazama kinachofanyika. Watu wawili wametenda kosa moja, wamepewa adhabu moja. Mwenye duka anatoa simu, analipa, anapanda pikipiki. Mama wa Nyalenda anashuka ngazi kuelekea seli za mahakama, na nje ya ukuta dada yake anapiga simu kwa huyu na yule: tuma mia tano, tuma elfu moja. Inafika 7,300 inakwama.

Kuna jambo hapo ambalo dada huyo hajaambiwa na mtu. Faini inaweza kulipwa nusu hata baada ya mtu kuingia gerezani, na siku za kifungo zikapunguzwa kulingana na kilicholipwa. Zile 7,300 hazikuwa bure. Nimeona familia zikirudi nyumbani na fedha mfukoni zikidhani kwamba bila kutimiza zote haiwezekani.

Mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja akiwa na mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi ya kifungo. Kwa hiyo mama wetu atakaa ndani miezi 4. Miezi 4 inatosha kwa mwenye nyumba kutoa vitu nje na kumpa mwingine chumba. Inatosha kwa watoto kugawanywa, mmoja Ahero kwa shangazi, mwingine Ugunja kwa nyanya, wa tatu akaacha shule. Inatosha kwa chama chake kumpitia zamu na kumfuta kwenye daftari. Haitoshi kumfundisha ushonaji hadi afanye mtihani wa ufundi. Siku atakapotoka, kitu pekee anachokijua, na ambacho wateja bado wanakitaka, ni kile kile kilichomwingiza.

Kifungo kifupi kinatosha kuvunja nyumba na hakitoshi kumfundisha mtu chochote. Tunapozungumza kuhusu kurekebisha tabia gerezani, tunawazungumzia watu waliofungwa miaka 5, 10 na 20, ilhali mlango wa gereza hufunguliwa na kufungwa kila wiki kwa watu waliofungwa miezi 3 na 6.

Kwa wale wa muda mrefu, sitaki kudharau kazi inayofanyika ndani. Waliofungwa miaka ya tisini watakwambia tofauti. Moody Awori, mzee wetu wa Funyula, Busia, aliposhika Wizara ya Mambo ya Ndani baada ya uchaguzi wa 2002, ndipo magodoro, sare zisizo na viraka na televisheni vilipoanza kuingia mle, na milango ikafunguliwa kwa makanisa, misikiti, walimu na mashirika. Leo wafungwa hufanya mitihani ya kitaifa, ikiwemo KCSE. Wengine hujifunza useremala, uashi, ushonaji na uchomeleaji, wakafanya mitihani ya ufundi inayotambuliwa na serikali. Ukienda maonyesho ya kilimo ya Nakuru, pita banda la Idara ya Magereza uguse yale makabati na viti. Ni kazi safi, ya mikono iliyotulia. Katika magereza ya Kamiti na Lang'ata wafungwa wamesoma hadi shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London, na baadhi yao wamesaidia wenzao kuandika rufaa.

Na elimu hiyo ina faida inayopimika. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti ya RAND ya Marekani ilikusanya tafiti za miaka mingi za huko kwao ikaona kwamba wafungwa waliosoma wakiwa ndani, uwezekano wao wa kurudi kwenye uhalifu ulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko wasiosoma. Kila dola moja iliyotumika kuwasomesha iliokoa dola 4 hadi 5 za gharama za kuwafunga tena katika miaka 3 baada ya kutoka. Marekani si Kenya, na magereza yao si yetu. Ila sioni sababu ya kudhani kwamba hesabu au useremala humfaa mtu wa Texas ukamkosa mtu wa Busia.

Basi mtu wa miezi 6 asomee wapi? Asomee nje. Hapa ndipo probesheni na huduma kwa jamii zinapokuwa kitu kikubwa kuliko njia ya kupunguza msongamano. Zinampa mtu muda ambao gereza haliwezi kumpa, kwa sababu kwenye probesheni miaka 2 ya uangalizi haivunji nyumba yoyote. Analala kwake, analea wanawe, na katika miaka hiyo 2 anaweza kumaliza kozi kwenye chuo cha ufundi cha kaunti. Afisa anaweza kumwelekeza huko, na kwa baadhi ya vijana ambao nyumbani hakukaliki kuna hosteli za probesheni, kama ile ya Kimumu, Eldoret, wanakokaa wakifundishwa kazi.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima katika shule moja ya msingi ambako seremala mmoja alikuwa akitumikia saa zake. Alikuwa amepewa chumba cha nyuma chenye madawati yaliyovunjika, yamerundikwa hadi dirishani. Alikuja na randa yake mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa cha unga. Alikuwa akichagua miguu mizima ya dawati moja na kuifunga kwenye ubao wa dawati jingine, na misumari iliyopinda aliinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe badala ya kuomba mipya. Saa nne mwalimu mkuu alipita na daftari.

"Fundi, ya darasa la tano yamefika mangapi?"

"Kumi na moja, mwalimu. Matatu nimeshindwa, mbao zimeliwa na mchwa."

Mwalimu akaandika saa aliyoingia, akaacha nafasi ya saa ya kutoka, akatia sahihi. Hakumwita mshtakiwa wala mfungwa. Watoto nao walikuwa wakimwita fundi, na mmoja alileta kiti cha mama yake kutoka nyumbani akiuliza ni pesa ngapi. Aliambiwa hapa halipishi mtu, aje Jumamosi kwenye kibanda chake. Niliyaona hayo nikafikiri kuhusu kule angekokuwa saa hiyo, amechuchumaa kwenye mstari akihesabiwa.

Sasa ile ripoti. Hakimu hamjui mtu aliye mbele yake. Ana faili, ana karatasi ya mashtaka, na kwenye siku yenye shughuli ana kesi nyingi za kusikiliza kabla ya chakula cha mchana. Macho yake nje ya mahakama ni afisa wa probesheni. Hakimu akiagiza ripoti, afisa huenda mpaka kijijini au mtaani. Huongea na mshtakiwa, mke au mume, wazazi, chifu au naibu wake, mzee wa mtaa, na mlalamishi. Anauliza: huyu ana makao? Analea nani? Anakunywa kiasi gani? Amewahi kufungwa? Jirani wanamtaka hapa, au akirudi watamchoma? Ameomba msamaha? Ana uwezo wa kulipa alichoharibu? Kisha huandika maoni yake, na ingawa hakimu halazimiki kuyafuata, mara nyingi huyazingatia sana.

Mambo yanapoharibika, mara nyingi huharibikia hapo. Maafisa ni wachache, kata ni pana, pikipiki haina mafuta. Afisa anapiga simu kwa nambari aliyopewa, simu haishikwi kwa sababu mama mkwe anaogopa nambari asiyoijua, anadhani ni polisi. Anafika kijijini anakuta nyumba imefungwa, majirani wanasema hatumjui vizuri. Ripoti inarudi na maneno kwamba familia haikupatikana, na mtu asiye na familia ya kumsimamia ni vigumu kuachiwa aishi nje. Wakati mwingine ripoti haikuombwa kabisa, mshtakiwa alikiri saa tatu na saa tatu na nusu amehukumiwa.

Katiba yenyewe inaelekeza tusiwe wepesi wa kufungia watu. Kifungu cha 49 kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6. Machi na Aprili 2020, korona ilipoingia, mahakama zilipitia orodha za wafungwa wa makosa madogo na maelfu wakaachiliwa katika kipindi kifupi. Walikuwa wale wale, na sheria ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kwamba majaji na maafisa wa probesheni walienda kuwatafuta kwa jina. Hata leo Mahakama Kuu ina uwezo wa kupitia upya hukumu za mahakama za chini na kugeuza muda uliobaki kuwa huduma kwa jamii, na mfungwa anaweza kuomba hivyo kwa barua kupitia ofisi ya gereza.

Watoto wana sheria yao, na hapa nchi imepiga hatua. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kubeba lawama ya jinai: aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai, na aliye na 12 lakini hajafika 14 anachukuliwa kuwa hakujua alichofanya ni kosa mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba alijua. Sheria ya kale ilikuwa inaanzia miaka 8. Mtoto hawezi kuhukumiwa kwenda jela. Kabla hata ya kesi kuanza anaweza kuelekezwa kwingine: aombe msamaha, arudishe alichochukua, apate ushauri nasaha, arudishwe shule chini ya uangalizi. Hilo likishindikana kuna shule za urekebishaji, mojawapo ikiwa Kakamega. Kwa wavulana wa miaka 15 hadi kabla ya 18 waliofanya makosa mazito kuna taasisi ya kurekebisha vijana ya Shikusa, huko huko Kakamega, wanakoweza kukaa hadi miaka 3 wakisoma na kujifunza ufundi.

Wazazi wengi wanaogopa Shikusa kama jela, na wengine, hasa waliochoka, wanaitamani. Nimekutana na baba aliyetaka mwanawe apelekwe huko "akanyooshwe". Namwelewa uchovu wake. Lakini kumng'oa mtoto shuleni na nyumbani kunapaswa kuwa hatua ya mwisho, na Katiba inalisema hilo wazi katika kifungu cha 53: azuiliwe tu pale ambapo hakuna njia nyingine, na kwa muda mfupi kabisa.

Kisha kuna wazee. Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama zihimize upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro. Agosti 2020 Idara ya Mahakama ilizindua sera ya Mifumo Mbadala ya Haki, iliyoandaliwa na jopo lililoongozwa na Joel Ngugi, ambaye wakati huo alikuwa jaji wa Mahakama Kuu hapa Nakuru. Ndiyo maana mambo haya yanajulikana zaidi Nakuru kuliko miji mingine mingi. Ugomvi wa mipaka, matusi, ng'ombe aliyekula mahindi, ndugu waliopigana msibani: mambo kama haya yanaweza kurudishwa kwa wazee, yakazungumzwa, fidia ikatolewa, na faili ikafungwa kwa ruhusa ya mahakama. Mlalamishi anapata kitu ambacho jela haimpi kamwe. Mwizi wa ng'ombe akifungwa miaka 4, ng'ombe harudi.

Napenda njia hii, na ndiyo sababu nataka kusema wazi mahali inapogeuka sumu. Huku kwetu "tumalizie nyumbani" imetumika mara nyingi mno kuzika kesi za kunajisi watoto. Wazee wanakaa, mbuzi wawili wanatolewa, baba wa msichana anapewa fedha, na msichana mwenyewe, aliyeumizwa, hakuulizwa neno. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiwapi wazazi wala wazee mamlaka ya kusimamisha kesi ya namna hiyo. Hata mahakamani makosa haya hayaingii kwenye kapu la kifungo cha nje: sheria imeweka vifungo vya chini kabisa, na Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema majaji hawana ruhusa ya kushuka chini ya hapo. Mtu akikwambia kwamba haki mbadala inamruhusu kula mbuzi wa mtoto aliyenajisiwa, anakudanganya.

Na mlalamishi wa kawaida, yule mwenye kuku? Malalamiko yake yana uzito. Anaitwa mahakamani mara tatu, analipa nauli mara tatu, kesi inaisha siku ambayo hayupo, na habari anazipata steji. Afisa anapaswa kuongea naye kabla ya ripoti, na mahakama ina uwezo wa kuagiza alipwe fidia. Pale mambo haya yanapofanyika, nimeona hasira ikipungua. Pale yasipofanyika, watu wanachukua mawe wenyewe, na sote tumeshaona huku kwetu kinachotokea kijiji kikikata tamaa na mahakama.

Pengo jingine ni ulevi. Sehemu kubwa ya makosa madogo ninayoyasikia mahakamani yana pombe au bangi ndani yake. Hakimu anaweza kuweka sharti kwamba mtu apate matibabu, lakini vituo vya umma ni vichache, na vya binafsi vinatoza fedha ambazo familia ya mtaa wa Obunga au wa Rhonda haiwezi kuziona kwa pamoja. Afisa anabaki na amri nzuri kwenye karatasi na hana pa kumpeleka mtu. Kaunti zikitaka kusaidia kupunguza uhalifu, zianzie hapo, kwenye vitanda vya matibabu ndani ya hospitali zilizopo tayari.

Kama una ndugu aliyekamatwa leo kwa kosa dogo, haya ndiyo ya kufanya. Asikiri kwa haraka kabla ya kuelewa anachosomewa. Akikiri au akipatikana na hatia, ana haki ya kusema neno kabla ya hukumu, na neno lenyewe ni fupi: "Mheshimiwa, naomba ripoti ya probesheni." Wewe uwe mahakamani, uonekane. Ofisi ya probesheni aghalabu iko ndani ya uwanja wa mahakama au karibu nayo. Nenda ujitambulishe, acha nambari ya simu inayoshikwa, taja nyumba ilipo na nani atakayemkaribisha afisa akifika. Nenda kwa mlalamishi ukiwa na mtu mzima mwenye heshima, uombe msamaha. Huduma ya afisa hailipiwi hata senti moja, na nambari isiyojulikana ikipiga wiki hiyo, pokea.